Kitunguu cha Mbooni

Ua lilichanua mwaka wa 2018. La, Matheka hujirudi kila masimulizi yake yakifika hapo: ilikuwa 2019, mwaka ule mvua ya vuli ilipokataa kukoma.

Matheka ni dereva mstaafu, amepanga chumba cha chini katika mtaa wa Lucky Summer. Nyuma ya chumba kuna kiwanja kidogo kilichobanwa na maghorofa, na kukifikia lazima utoke kwa mlango wa mbele, ushuke ngazi chache za nje, uzunguke. Jua halijawahi kutia mguu pale.

Mkewe, Kavutha, alikuwa akipoteza macho. Daktari alikwisha sema kiza kinakuja. Kavutha hakulia. Alitaka jambo moja tu, kuliona tena lile ua jekundu la msitu wa kwao Mbooni, la mviringo kama mpira, linalochomoza kwenye udongo mtupu kabla ya jani lolote.

Basi Matheka alikuwa ameenda Mbooni mwaka uliotangulia. Shemeji yake, Muthama, alimfikisha ukingoni mwa ithembo, kile kichaka ambamo wazee wa zamani walitolea sadaka, akasimama.

"Chimba, shemeji. Lakini mimi sijakuona."

Matheka alirudi na kitunguu kimoja cha ua lile, akakipanda pale nyuma ya chumba, shingo ikichungulia juu, akakifunika kwa majani yaliyooza. Msimu ule kikatoa majani matupu. Kiangazi yakanyauka, naye akaacha kumwagilia, maana kitunguu kikilala ukikipa maji kinaoza. Kavutha naye sasa aliona kitu kikiwa karibu na pua tu.

Beldina, jirani wa ghorofa ya juu, alikuwa akianika nguo.

"Mzee, hapo umezika nani?"

"Kitunguu, jirani."

"Kitunguu gani hicho, hakiliwi, hakioti! Si ungepanda sukuma?"

Mvua ilipoanza, kichwa chekundu kikatokeza, bado kimefumba. Asubuhi moja Matheka akaenda zahanati ya mtaa wa Baba Dogo kuchukua dawa ya macho, akafunga mlango kwa kufuli, Kavutha asije akaanguka kwenye ngazi.

Aliporudi, kufuli lilikuwa vilevile. Alifungua, ndani hamna mtu. Akazunguka mbio. Kavutha alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, vumbi la manjano puani, machozi yakimtiririka. Ua lilikuwa limefunguka lote.

"Nimeliona, Baba Mumo. Nimeliona mpaka nyuzi zake. Asante kwa kunitoa."

"Nani kakutoa?"

"Si wewe? Ila umenichekesha. Tangu lini mtu akapiga hodi kwake mwenyewe? Nikasema karibu, ukaingia, ukanishika mkono. Mkono wenyewe baridi, umejaa udongo."

Matheka akatazama mikono yake. Ilikuwa mikavu, imeshika mfuko wa dawa.

"Haki mzee, leo mmependeza!" Beldina akapaza sauti kutoka juu. "Mmeshikana mikono kama watu wa arusi!"

Matheka hakuthubutu kuinua uso. Akamwongoza mkewe ndani polepole, akamkalisha kwenye kochi, akainjika chai. Alipogeuka, Kavutha alikuwa akisogea hadi pembeni kabisa mwa kochi, akikusanya rinda lake, kama mtu anayempisha mwingine akae.

Ndipo Matheka alipouliza:

"Mama Mumo, huyo uliyemwambia karibu, aliaga?"