Gunia Nililokataa Libaki

Shahada yangu ya uzamili katika amani na utatuzi wa migogoro iligharimu shilingi milioni moja, laki nane na elfu arobaini. Humo mna ada, fotokopi, kupiga chapa tasnifu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza pambizo zilikuwa finyu, nauli za kijijini, na soda za wajumbe wa jopo, ambazo hakuna aliyezidai na hakuna aliyezikataa. Nimehesabu mara mbili. Juu ya hizo kuna ng'ombe jike mmoja, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni, ambaye hakuwa wangu.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari kwa ajira na mnunuzi wa alizeti kwa riziki. Biashara ilikwisha kufunguliwa kwa kila mtu, na mwalimu asiyeuza kitu alikuwa ama mgonjwa ama mtakatifu. Nilipanga vyumba viwili mjini, Miyuji. Jumamosi na likizo nazunguka vijiji vya njia ya Kondoa na debe langu, lililogongwa kwa ndani likatoa tumbo ili lishike zaidi, kisha mzigo naupeleka Kizota kwa wakamuaji wa mafuta, ambao nao walinipunja kwa mizani yao. Hivyo sote tulikuwa tunaishi.

Nilijiandikisha kusoma amani kwa sababu niliambiwa mashirika yanawatafuta watu wake. Posho ya siku tatu za semina, nikipiga hesabu, ilishinda faida ya magunia yangu ya mwezi. Sisemi hivi kwa kujisifu. Darasani tulikuwa makarani, maofisa wa wilaya, padri mmoja na ustadhi mmoja, na mwalimu alipotuuliza kila mmoja kimemleta nini, ni wale wawili wa mwisho tu waliotaja amani.

Lakini somo lilinishika. Niligundua kwamba nusu ya mambo yaliyomo vitabuni nilikuwa nayafanya kila Jumamosi: kumsikiliza mtu anachosema, kutafuta anachotaka kweli, kumwacha ashuke bila aibu. Nikaona huku nitafika mbali. Supavaiza wangu, mama mpole mwenye miwani ya kamba, alisoma pendekezo langu la utafiti akaandika pembeni kwa penseli: "Usiende haraka." Nikadhani anazungumzia sarufi.

Kijijini walinijua kwa debe. Siku nilipofika bila debe, na daftari jipya kwapani, mmoja akapaza salamu ya kwao kutoka kibarazani:

"Mbukwa, mwalimu! Leo hununui?"

"Nanunua. Leo nanunua magomvi."

"Kwa debe lile lile lenye tumbo?"

"Kwa mizani ya chuo."

"Basi tumekwisha."

Magomvi yenyewe yalikuwa ya majirani wawili, watu wazima wa makamo, waliokaa pande mbili za korongo. Wote wawili walilima na wote wawili walifuga. Vitabu vyangu vilitaka mkulima na mfugaji, kwa hiyo nikawagawia vyeo: mwenye shamba kubwa akawa mkulima, mwenye zizi kubwa akawa mfugaji. Hawakupinga. Mkulima aliuliza tu kama cheo kina posho.

Siku moja mfugaji akiwa mnadani, ng'ombe wake walivunja uzio wa miiba wakaingia kwenye uwele wa jirani, uliobakiza wiki moja kukatwa. Walichoacha ni nyayo. Sasa ilikuwa wiki ya tatu watu hao hawasalimiani, na wake zao walikuwa wanapishana saa za kwenda kuchota maji. Kabla ya hapo, nilivyoambiwa na kila mtu, ulikuwa huwezi kumtafuta mmoja ukakosa kumkuta mwingine.

Kulikuwa na ng'ombe kati yao. Kule mwenye ng'ombe wengi humkabidhi jirani ng'ombe mmoja au wawili. Jirani anakamua, watoto wanapata maziwa, samadi inakwenda shambani. Ila ng'ombe anabaki mali ya mwenyewe, na ugonjwa ukipita zizini hajapoteza wote. Kila baada ya siku chache mwenye mali hupita "kumwona ng'ombe wake," na kumwona ng'ombe huchukua nusu siku. Yule mwekundu wa mfugaji alikuwa amekaa kwa mkulima miaka tisa. Mimi niliandika kwenye daftari: mali ya upande A iliyo mikononi mwa upande B.

Nilipima shamba kwa hatua, kwenda na kurudi. Kisha nikawakalisha uani kwa mkulima, kila mtu na kigoda chake, mke wa mkulima akipepeta mtama karibu nasi ili asipitwe na neno.

"Magunia kumi," akaanza mkulima, akitazama pembeni.

"Kumi?" mfugaji akacheka. "Shamba hili tangu ulirithi limewahi kutoa kumi? Labda ukivuna na mawe."

"Ng'ombe zako wamekula na mawe."

"Manne," nikasema. Nilikuwa nimekwisha kushikwa na kazi yangu ya kupatana bei. Tukapanda, tukashuka. Nilimkumbusha mkulima mwaka ambao mimi mwenyewe nilinunua mavuno yake, nikamkumbusha mfugaji uzio ulivyokuwa mzima. Kabla chai haijapoa tulikuwa kwenye saba. Saba ilikuwa haki. Hata leo ukiniamsha nitakwambia saba.

Mfugaji hakuwa na nafaka. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nilijipongeza nalo njia nzima ya kurudi mjini. Nikauliza bei ya ng'ombe kama yule mnadani. Wakanitajia. Nikagawanya kwa bei ya gunia la uwele: magunia sita kamili.

"Basi," nikasema, "ng'ombe mwekundu awe wa mkulima moja kwa moja. Linabaki gunia moja."

Mfugaji alimtazama ng'ombe, aliyekuwa amefungwa kivulini anacheua bila habari. Kisha akatikisa kichwa kukubali. Mkulima akakohoa.

"Hilo moja," akasema, "tuliache tu."

"Unasamehe?"

"Sisamehe. Liwepo. Atanipa siku moja."

"Ndiyo, liwepo," mfugaji akadakia upesi. "Mwaka huu, mwakani, tutaona."

Nilimwona mkulima anapunjwa mbele ya macho yangu. Miaka yote ya alizeti ilinifundisha kwamba "tutaona" ni jina la pili la kudhulumiwa. Na darasani tulikuwa tumesoma kuwa makubaliano yasiyo na tarehe ni mbegu ya mgogoro mpya. Nikakaza.

"Hapana, wazee wangu. Deni likibaki, ugomvi umebaki. Tumalize leo, kila mtu alale mweupe."

Mkulima alitaka kusema kitu. Mke wake aliacha kupepeta. Mfugaji akaingiza mkono mfukoni, akatoa elfu ishirini za mnada, akaziweka juu ya kigoda changu. Siyo mkononi mwa mwenzake. Nikazihesabu mara mbili, nikampa mkulima, wakatia dole gumba kwenye karatasi yangu.

Hiyo ikawa sura ya nne ya tasnifu. Kwenye jopo walinisifu kwa uwazi wa makubaliano. Supavaiza aliuliza swali moja tu: "Baada ya kulipana, walikaa pamoja?" Nikajibu kwamba kila mmoja alirudi kwenye shughuli zake kwa amani. Ilikuwa kweli. Wakanipitisha.

Mwaka uliofuata mvua ilikuwa haba. Nilirudi na debe, nikitarajia kukaribishwa kama mpatanishi. Chini korongoni, upande wa mkulima, kuna kisima cha mchangani ambacho ng'ombe wa pande zote mbili walikuwa wakinywa tangu baba zao. Nilimkuta mkulima amekaa juu ya jiwe na kijiti mkononi, ng'ombe wa mfugaji wakipita mmoja mmoja, naye anachora alama mchangani. Mfugaji alisimama ng'ambo ya pili. Walipokwisha kunywa, alivuka, akatoa noti na sarafu, akapewa chenji. Hakuna aliyemkunjia mwenzake uso. Mfugaji akanisalimu kwa heshima, akawasindikiza ng'ombe wake.

"Mnalipana maji?" nikamuuliza mkulima.

"Shilingi mia kwa kichwa. Ndama bure."

"Zamani alikuwa analipa?"

"Zamani nilikuwa na ng'ombe wake nyumbani, mwalimu. Ningemlipisha vipi mtu ambaye maziwa yake nimeyanywa asubuhi?" Alifuta alama kwa mguu. "Sasa hakuna ninachodaiwa. Si ulisema tulale weupe?"

"Lakini hamgombani."

"Hatugombani kabisa. Hata hatuongei. Tuongee nini, tumelipana."

Nilipanda hadi kwa mke wake, nikanunua madebe matatu ya alizeti bila kupunguza hata shilingi. Alinitazama kama mtu anayeona dalili za homa. Ng'ombe mwekundu alikuwa amezaa, ndama jike mzuri, wa rangi ile ile.

"Amenenepa," nikasema.

"Amenenepa. Ila tangu awe wetu hana mgeni." Akafunga mdomo wa gunia. "Yule baba alikuwa akija kumwona ng'ombe, mume wangu anacheka mpaka wanangu wanatoka ndani. Siku hizi tunakamua, tunakunywa, tunalala. Wakati wa palizi wao walikuwa wanakuja watu sita. Mwaka huu tulilima wawili."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Niliacha kupepeta. Wewe hukusikia?"

Nilisikia. Nilidhani mtama umekwisha.

Nilikwenda na kwa mfugaji. Yeye alisema hana kinyongo, ila mtu hawezi kwenda kukaa kwenye ua wa mtu hivi hivi bila shughuli, watu watasema amefuata nini. Tena akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, yule mwekundu amezaa jike au dume. Nilipomwambia jike alitabasamu kwanza, halafu akakumbuka si wake.

Njiani niliwaza jambo moja, na ndilo linalonifanya niandike. Mkulima anasema ndama akiachishwa ziwa atampeleka mnadani, maana maji ya shilingi mia hayalipi karo. Kabla hajauzwa, je, nimshauri amkabidhi mfugaji? Ndama wa mkulima akae kwenye zizi la mfugaji, naye mkulima apate sababu ya kuvuka korongo kumwona. Niligeuza, nikamdokeza mke wa mkulima. Alicheka akashika kiuno: "Maskini amkabidhi tajiri ndama? Watatucheka hadi Kondoa!" Lakini alipomaliza kucheka hakusema hapana. Alisema, "Na nani atalisema hilo? Wewe tena?"

Hapo ndipo nimekwama. Nikinyamaza, ndama atauzwa na korongo litabaki lilivyo. Nikisema, nitakuwa dalali yule yule, narudi kupanga mali za watu, na mara hii sina hata chuo cha kusingizia. Kumnunua ndama mimi mwenyewe nimewaza pia, nikaona itakuwa bei nyingine juu ya bei.

Kwa hiyo nauliza, na wala si kwa adabu tu. Wewe uliyekaa na jirani mmoja miaka mingi kuliko niliyokaa mimi darasani, uliyewahi kulipana naye kila kitu na bado ukapata njia ya kurudi uani kwake: ulianzia wapi? Nani alitangulia kuvuka, na alikwenda kwa kisingizio gani? Nieleze kabla ndama hajaachishwa ziwa. Nitafuata utakavyosema, na safari hii sitapunguza.