Sura ya Tatu ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alisomea fasihi ya Kiingereza chuo kikuu, na mwaka wake wa mwisho nusura niuharibu mimi. Nasema hivyo kwa sababu wa nyumbani wakihadithia humlaumu mwalimu wake, na mwalimu yule hakuwa na kosa.

Mimi skuli niliishia darasa la nne. Kuandika naandika, mkono unakwenda polepole, lakini Kiingereza sikijui hata cha kuombea maji. Mtoto aliletwa kwangu na mama yake kutoka Makunduchi alipopata nafasi ya chuo, tukalala chumba kimoja hapa Michenzani, orofa ya nne. Pa kusomea hakuwa napo. Juu yetu fundi anagonga vitanda, chini redio, ngazini watoto. Mwaka wa tatu wakaambiwa kila mmoja aandike risechi, kitabu kizima cha sura tatu, na bila ya hicho humalizi. Akaandika sura mbili za mwanzo, mwalimu anayemsimamia akazirejesha zote zimejaa wino mwekundu. Alizitia chini ya godoro nisizione, kana kwamba ningeweza kuzisoma.

"Unaandika juu ya nini hasa?" nilimuuliza.

"Juu ya nyumba, Bibi. Waingereza wana vitabu vingi juu ya nyumba kongwe ambazo wenyewe walokufa hawataki kuhama."

"Na hayo watu wanasomeshwa chuo kikuu?"

"Wanasomeshwa."

"Basi Unguja sote maprofesa."

Alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa siku nyingi sijamsikia akicheka.

Wakati huo nikifagia nyumba moja Mji Mkongwe. Wenyewe wako Uarabuni, hawaji, ila hawataki igeuke gofu. Nilikwenda Jumatatu na Alkhamisi, nafungua madirisha, napangusa, nafunga. Juu kilikuwapo chumba chenye meza na dirisha la upepo, na kuta zile nene husikii hata wapita njia. Nikaona hapa ndipo. Nilijua anaandika juu ya nini, na bado nikampeleka.

Sasa kosa langu. Sisi hatuingii nyumba bila ya hodi, hata iwe tupu. Unapiga hodi, unangoja, mpaka mara tatu. Na kama una kazi yako ndani, unasoma bismillahi ukaingia kwa adabu. Mimi kwa miaka nilokwenda pale nilifanya uvivu. Nikipiga hodi moja najijibu mwenyewe, "Karibu!", naingia na ufagio wangu. Sikuwahi kujiuliza karibu ile naitoa kwa niaba ya nani.

Siku ya kwanza tulipofika mlangoni nikafungua kufuli, nikakumbuka sikununua sabuni. Nikamwambia tangulia, nikarudi dukani. Nilipokuja nilimkuta keshapanda, vitabu keshavifungua mezani.

"Ulikuwa wapi, Bibi? Umenikaribisha, nimepanda sikukuona."

Sabuni ninayo mkononi, jasho la njiani linanitoka.

"Jirani huyo," nikamwambia.

Jirani hakuna. Upande mmoja ghala la duka, upande wa pili ukuta umeanguka.

Kazi ikamwendea. Nikamwachia ufunguo, akawa anakwenda kila siku baada ya adhuhuri. Karatasi alizokuwa akizifuta na kuzikunja sasa zilikuja nyumbani safi, mstari kwa mstari. Mimi nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini nyumbani chakula anakichezea tu, na akawa na tabia moja sijapata kuiona kwa mtu. Akisema neno, hata la kuomba chumvi, akilimaliza hunyamaza, shingo ameilaza upande, anangoja kidogo, ndipo aseme la pili.

Alkhamisi moja, alasiri, nafagia chini, yeye juu anasoma kwa sauti alichokiandika. Ndivyo alivyofanya siku zote, asikie kama kinakaa sawa. Nilipenda kumsikiliza. Kiingereza chake kilipanda na kushuka kama mtu anayetembea nyumba ya ngazi nyingi. Mara akashuka, akanipita, akenda kuufungua mfereji wa uani anywe maji.

Na juu kusoma kunaendelea.

Haikuwa sauti kubwa. Ya mwanamke, haina haraka, inapanda pale pale na kushuka pale pale. Nikasema moyoni, simu hiyo. Lakini simu yake alikuwa hunipa mimi niiweke mkobani isimshughulishe, na mkoba nimeutundika begani mwangu. Mtoto akanywa, akajifuta mdomo, akapanda taratibu. Sauti ikanyamaza. Kisha ikaanza tena, naye yumo ndani yake, wala sikuweza kujua ni moja au mbili.

Sikukimbia. Nilifagia mpaka mlangoni, nikamwita, tukafunga, tukenda zetu. Sikumwambia kitu. Nilijiambia sura ya tatu imebakia kidogo, mtoto amehangaika, mwache amalize. Nikamwacha arudi siku tatu nyengine. Hizo siku tatu ndizo zinazoniuma.

Akaipeleka sura. Baada ya wiki mwalimu akamwita. Alirudi saa nane mchana, hakuvua hata mtandio, akakaa chini ukutani.

"Kasema si yangu."

"Kwa nini?"

"Kasema nimeandikiwa. Na mtu, au na kompyuta, hajui. Kanambia, 'Kiingereza hiki, wanaokisema walikwisha kufa zamani.'"

Mwalimu alimpa mpaka Jumatatu. Aje atie saini mbele yake kwamba kila neno ni lake, au aitoe sura ile na kuandika nyengine. Akitia saini na ikaja kuonekana ni uongo, anafukuzwa, na miaka mitatu ya chuo imekwenda na maji.

Nilikuwa nachambua mchele. Niliweka ungo pembeni.

"Umeandika wewe?"

"Mkono wangu, Bibi."

"Sijakuuliza mkono."

Shingo akailaza upande, akangoja, kisha akaona namtazama.

"Nikikwama nanyamaza tu," akasema. "Yanakuja."

"Yanatoka wapi?"

Akauvuta mtandio usoni. Nikenda nikatia udhu, nikateremsha msahafu juu ya kabati, nikauweka juu ya mkeka baina yetu.

"Kama ni yako, huna haja ya kumwogopa mwalimu. Nenda katie udhu, uje uushike uniapie mimi kwanza. Ukiweza mbele yangu, utaweza mbele yake."

Aliutazama muda mrefu. Kule chini redio inaimba. Kisha akaikalia mikono yake, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayeficha viganja visipigwe bakora.

"Siwezi."

"Basi ichane."

"Bibi! Hii ndiyo nzuri kuliko zote! Sijapata kuandika hivi, na sitoandika tena!"

"Hutoandika. Chana."

"Imo na kwenye kompyuta ya chuo."

"Na huko futa."

Akanishika magoti. "Niachie wiki moja tu. Nirudi kule wiki moja, nitaiandika upya, itakuwa yangu."

"Ufunguo nilikuchukulia asubuhi, nimeurejesha kwa jamaa za wenye nyumba. Mwenye shughuli na nyumba ile akafagie mwenyewe."

Hapo akaniachia. Akakaa sawa, mgongo umenyooka, akanisemesha kwa Kiingereza. Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mwanamke mkubwa wa nyumba anayemsemesha mtumishi, polepole ili afahamu. Sikufahamu hata neno. Lakini nilijikuta nimesimama, nimekamata pindo za kanga, nangoja kutumwa.

Sijapata kumsimulia mtu hilo. Miguu yangu mwenyewe ilimtii.

Nikajilazimisha kukaa. Nilikaa kwa nguvu, kama mtu anayekalishwa, nikamwambia, "Nyumbani kwangu sema Kiswahili."

Akanitazama kama aliyetoka usingizini. Kisha akaanza kulia, kilio cha Makunduchi kabisa, cha sauti na makamasi, anamwita mama yake, nami nikashukuru Mungu. Zile karatasi tulichana pamoja. Alizichana yeye, mimi nilishika upande mmoja tu.

Jumatatu akaifuta na ile ya kompyuta, akamwambia mwalimu anaitoa. Akapewa siku kumi.

Siku kumi zile tulizifanya hapa hapa, na nyundo, na redio. Yeye mezani, mimi mkekani. Nilimpa sharti moja: akikwama, asinyamaze.

"Nifanye nini sasa?"

"Nambie mimi kwa Kiswahili unataka kusema nini."

"Nnataka kusema mwanamke wa kitabuni haogopi nyumba. Anaogopa kutoka."

"Sijafahamu. Kwa nini aogope kutoka?"

"Kwa sababu nje hakuna anayemjua."

"Hilo nimefahamu. Liandike."

Na siku nyengine: "Bibi, wewe mgumu kuliko mwalimu." "Mwalimu analipwa kukufahamu, mimi silipwi." Sura ilitoka fupi. Alikuwa akiisoma kwa sauti na mimi nasikia inavyojikwaa, inakwenda, inasimama, inajikwaa tena. Ile ya mwanzo haikujikwaa hata mara moja.

Siku ya kupokea majibu tulikwenda wote wawili chuoni. Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi, vijana wanapita, "Shikamoo, Bibi," "Marahaba," mpaka nikachoka. Alipotoka nilimsoma uso, sikupata kitu.

"Kasemaje?"

"Kaipokea. Daraja la chini, lakini namaliza."

"Kakuuliza?"

"Kaniuliza hii kaandika nani."

"Ukamjibu?"

"Nimemwambia mimi. Kanambia, 'Inaonekana.'"

Tukatazamana. Nikaanza kucheka mimi, ndipo naye akacheka, mpaka watu wakageuka.

Lakini nyumbani, tulipofika orofa ya pili, alisimama ngazini. Nilikuwa nyuma yake, nimeshikilia ukuta. Aliniuliza bila ya kugeuka.

"Bibi, siku zile ulipokuwa ukifagia chini. Ulikuwa ukinisikia peke yangu?"

Nilijua anachokitaka. Nikisema ndiyo, sura ile iliyochanwa ilikuwa yake peke yake, na mimi ndiye nilomchanisha. Nikisema hapana, atajua hajawahi kuandika kitu kizuri kama kile, na atajua alikuwa na nani mezani. Yeye anangoja, na safari hii shingo yake imenyooka.

"Nilikuwa nafagia," nikamwambia. "Panda, miguu inaniuma."

Akapanda. Hajaniuliza tena, na sasa anasomesha Kiingereza skuli ya sekondari. Akinikuta peke yangu jikoni, mara nyengine namwona anataka kusema kitu, halafu anaosha vyombo.