Jibu Alilompa Dada Yake

Leseni yake ya ufundi umeme ilitolewa tarehe 14 Juni 1993. Imetundikwa kwa msumari mmoja juu ya meza ya kazi, katika chumba cha hatua nne kwa tano ambacho mlango wake unafungukia barabarani. Mezani kuna pasi tatu zilizopasuliwa matumbo, feni iliyovuliwa mapanga na kopo la skrubu. Mtaani wanamwita Mkato. Kinyozi wa mlango wa pili ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa hakuna swali la umeme lililowahi kumchukua zaidi ya sentensi moja.

Kwa nini ndege hutua kwenye waya wa umeme na hafi? "Hana mita, umeme utamdai nini?" Kwa nini betri za redio zilizochoka ukizianika juani huimba tena kidogo? "Hata wewe ukiota jua si unachangamka?" Watu walicheka, wakaenda zao, na wengi waliamini wamejibiwa.

Jibu alilolitumia kuliko yote lilikuwa la maneno mawili: vaa ndala. Alimpa kila aliyelalamika kwamba friji, jiko au mashine ya kufulia inamuuma akiigusa. Ukiingia jikoni mwa mtu ukakuta ndala zimepangwa mbele ya friji, anasema mwenyewe, ujue Mkato alipita.

Dada yake anamzidi miaka kumi na mmoja, na ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ni mshonaji. Cherehani yake iko dirishani, kwenye chumba cha mbele, na jikoni ni hatua sita kutoka hapo. Miaka miwili iliyopita alinunua friji lililotumika. Wiki hiyo hiyo alimpigia ndugu yake simu, na ndugu yake akaja, akasimama mlangoni mwa jiko bila kufungua begi la vifaa.

"Mdogo wangu, hebu nieleweshe. Nikiwa peku friji linaniuma. Nikivaa ndala, kimya. Kwa nini?"

"Umeme haupendi wapekupeku, dada."

"Nakuuliza jambo la maana, unaniletea vichekesho."

"Linagandisha?"

"Linagandisha."

"Basi unataka nini tena, likusalimie? Vaa ndala."

Dada alicheka. Wote wawili wanakumbuka kwamba alicheka.

Jibu sahihi Mkato alikuwa nalo. Alifundishwa chuoni, muhula wa kwanza. Ndani ya friji lile, umeme ulikuwa ukivuja kutoka kwenye mota hadi kwenye bati la nje, na umeme uliovuja hutafuta njia ya kufika ardhini. Njia hiyo inatakiwa kuwa waya wa tatu, waya wa ardhi, unaotoka kwenye soketi hadi kwenye fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje ya nyumba. Nyumba ya dada ilikuwa na nyaya mbili tu. Waya wa tatu usipokuwepo, njia ni mtu. Ndala ya mpira huziba mlango mmoja, ule wa miguuni. Umeme hauondoki kwenye bati. Unakaa pale pale mpaka upate mlango mwingine.

"Nilijua," anasema. "Ningekuwa sijui, ningejisamehe."

Kuweka waya wa ardhi ni kuchimba, kutoboa kuta na kujaza chumba vumbi, huku mwenye nyumba akiuliza taa zinawaka, shida iko wapi. Ndala ilimfaa mwenye nyumba. Ilimfaa na fundi.

Jumanne moja ya Agosti mwaka jana, saa nne asubuhi, dada alikuwa akisuuza bilauri. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye bomba la chuma la sinki, linaloingia ardhini. Wa kulia akaupeleka kwenye mpini wa friji. Miguuni alikuwa na ndala. Umeme uliingia kwa mkono mmoja, ukapita kifuani, ukatokea kwa mwingine. Vidole vilikaza mpini, naye hakuweza kuvifungua. Kilichomwokoa ni uzito wake mwenyewe: magoti yalilegea, mwili ukamvuta chini, mkono ukachomoka. Aliuangukia mkono huo wa kulia. Mfupa ulivunjika juu kidogo ya kiganja.

Mkato alifika hospitali akihema. Kabla hajafungua mdomo, dada alimwambia mbele ya mumewe, shemeji yake Mkato: "Nilikuwa nimevaa. Wala usiniulize."

Mfupa uliunga. Vidole viwili havikupata nguvu tena. Mkasi mzito wa kukatia kitambaa haushiki tena; anakatiwa na jirani, naye anashona pindo na vifungo. Waya wa ardhi uliwekwa na fundi mwingine, aliyeitwa na shemeji. Mkato anakaribishwa sebuleni kama zamani, anapewa kiti, anaulizwa habari za watoto. Jikoni haitwi.

"Angenifukuza ningejua pa kuanzia kuomba," anasema.

Mwezi uliopita alijaribu. Alimkuta dada cherehanini, akabaki amesimama.

"Dada, niruhusu nikague nyaya za nyumba nzima."

"Zimeshakaguliwa."

"Nizipitie tu, moyo wangu utulie."

"Kwa hiyo nyumba yangu ndiyo dawa ya moyo wako?" Hakuinua macho kutoka kwenye pindo. "Yule fundi nilimuuliza swali lile lile nililokuuliza wewe. Akanieleza, nikaelewa. Dakika tano, mdogo wangu. Dakika tano tu."

Dada alikata uzi.

"Wako wangapi uliowapa jibu langu?"

"Wengi."

"Nenda kawaone kama bado wazima."

"Nikimaliza je?"

"Ukimaliza, utakuwa umemaliza."

Alirudi chumbani kwake akaandika orodha kwa penseli nyuma ya kalenda. Ilimchukua siku tatu kuwakumbuka. Aliyekuwa wa kwanza kuelezwa ni kinyozi, ambaye alisikiliza habari ya bati, mota na waya wa tatu akiwa na mashine ya kunyolea mkononi na mteja amenyolewa nusu kichwa.

"Mkato, leo unahutubia?" kinyozi akasema. "Miaka yote hii maneno haya ulikuwa umeyaweka wapi?"

Mteja alicheka. Mkato aliendelea mpaka mwisho, kisha akaomba aonyeshwe soketi.

Orodha ina nyumba ishirini na sita. Wakazi wa nyumba mbili wamehama na hakuna anayejua waliko. Mmoja amekataa ukuta wake utobolewe. Nyumba ya dada haimo. Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, Mkato ataanza kuchimba nyuma ya jiko la mwalimu mstaafu, mtaa wa pili.