Dakika Ishirini za Mama Mkubwa

Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, amefua mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa. Sabuni imemla vidole, lakini shuka la vitanda viwili analikunja peke yake huku anakupigia soga. Nilidhani namjua. Kumbe sikumjua hata robo.

Mwaka jana alimwona msimamizi wao akitoka stoo ya mashuka, anafunga mkanda. Nyuma yake akatoka binti wa kupiga pasi, analia, blauzi imechanika. Binti akamshtaki kwa kumbaka. Waliomwona akitoka ni wawili tu: Mama Mkubwa na mlinzi wa geti, tunayemwita Kamanda.

Siku moja kabla ya ushahidi wao, Kamanda alitia timu nyumbani.

"Dada, mimi polisi niliwaambia saa tisa kamili. Wewe umesema tisa na dakika ishirini. Wakili wake atatutafuna mifupa!"

"Nilisoma saa ya ukutani kwetu."

"Ile mnayoikimbiza dakika ishirini makusudi msichelewe zamu?"

"Hiyo hiyo. Siku ile nilikuwa natetemeka, nikasahau kutoa zile dakika."

"Basi tukae tupange, tuseme kitu kimoja."

"Nikiulizwa nitasema nilikosea. Kupanga maneno, hapana, kaka."

Kamanda akaondoka anabwata kwamba kichwa cha Mama Mkubwa kimekakamaa kama shuka lililosahaulika juani. Kesi ikianguka, msimamizi anarudi kazini, na binti atampita mlangoni mwa stoo kila siku.

Binti alikuwa ameshatoa ushahidi wake faraghani. Zamu ya Mama Mkubwa tuliruhusiwa kuingia, nikakaa benchi la nyuma. Wakili wa msimamizi akaanza kumbana.

"Mama, saa tisa au tisa na ishirini?"

"Tisa. Saa yetu inakimbia, nikasahau kuwaambia polisi."

"Na shati la mshtakiwa? Polisi ulisema la bluu. Leo umesema hukumbuki!"

"Sikumbuki kweli. Askari aliniuliza mara tatu, nikaona aibu kusema sijui, nikataja bluu. Nilikosea hapo pia."

Watu wakaguna. Nilitamani nimzibe mdomo. Mbona anampa mtu kisu mwenyewe?

"Sasa tukuamini kwa lipi?"

"Kwa nililoliona, baba. Shati sikulitazama. Nilitazama uso, na uso ule ndio uliokuwa ukinipangia zamu kila Jumatatu."

Wakili akafunua karatasi, akafunua tena, akakaa.

Wiki tatu baadaye hakimu alisoma hukumu. Alisema dakika na rangi ya shati havikugusa kiini cha kesi. Kwamba msimamizi alitoka stoo, na binti akatoka nyuma yake analia, hakuna shahidi aliyeyumba. Tena mashahidi wanaofanana neno kwa neno, akasema, ndio wangemtia wasiwasi. Msimamizi akatiwa hatiani. Ndipo nikaelewa: yale makosa niliyotaka ayafiche ndiyo yaliyofanya aaminiwe.

Binti hakushangilia. Alikaa kwenye korido, akamgeukia Mama Mkubwa.

"Mama, kwa hiyo kesho nikienda stoo kuchukua mashuka…"

"Utachukua, mwanangu, utoke. Hayupo."