Jezi ya Njano

Katika timu ya voliboli ya wanawake wa mji wa Butembo, muuza vitunguu ndiye libero: beki avaaye jezi ya njano peke yake, aokoaye mipira bila ruhusa ya kushambulia wavuni. Kabla ya kila mpira husogeza changarawe kwa kidole cha mguu, hupangusa mikono kiunoni, kisha hutoa sauti yake ya sokoni: "Ya miye!" Josée, mshambuliaji, huitambua hata akiwa amempa mgongo.

Siku ile, ugenini mjini Beni, ilibaki pointi moja ya kuamua mshindi, na kwa desturi ya timu hizo mbili walioshindwa huwatwangia wote sombe, mboga ya majani ya muhogo. "Bamama ba Butembo, kinu kinawangojea!" watazamaji walitania. Mpanga mipira wa Butembo, ambaye humwinulia Josée, akateleza. Mpira ukaelea karibu na wavu. Libero akakimbilia mbele.

"Vidole, mama, vidole!" wenzake walilia.

Lakini kama libero angeuinua kwa vidole ndani ya eneo la mbele, sheria ingemzuia Josée kuupiga juu ya wavu. Akapiga goti, akaunganisha mikono, akauinua kwa vigasha. Josée akaruka, mpira ukatua upande wa Beni, pasipo mtu.

Josée alipogeuka kumkumbatia, alimkuta tayari wavuni, akiwaambia wenyeji kwa upole:

"Mutwange muzuri, badada. Vitunguu nitaleta miye."