Njeri Aliyeitika

Saa kumi na moja kamili jioni, vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo za mji ule vilicheza wimbo wa watoto, polepole, bila maneno. Ni mji wa pembezoni mwa Tokyo. Niliishi huko miaka sita nikitengeneza mitambo, kwa diploma niliyojisomesha mwenyewe Thika huku nikiuza mayai ya kuchemsha stendini. Hakuna aliyenishika mkono. Wachache wa kwetu Ngoingwa wameuona mji wa namna hiyo, kwa hivyo nitaueleza. Reli inaukata katikati. Upande mmoja kuna viwanda na maduka, upande wa pili nyumba zilizosongamana, na katikati ya nyumba hizo vishamba vya mpunga visivyozidi uwanja wa kanisa. Barabara zimefagiliwa. Mashine za kuuza soda zinawaka kwenye vichochoro visivyo na mtu. Mtaani kwangu nyumba nyingi zilifungwa madirisha, wenyewe wamekufa, masanduku ya barua yamezibwa kwa utepe. Wimbo ule huwaambia watoto warudi nyumbani. Mtaa wangu haukuwa na mtoto hata mmoja. Hata hivyo wimbo uliita kila jioni, kisha ukanyamaza, kana kwamba kuna waliokwisha kuitika.

Nilipousikia mara ya kwanza nilikumbuka likizo moja ya Agosti nikiwa na miaka tisa. Ukungu haukuondoka Ngoingwa wiki nzima. Saa kumi na moja king'ora cha kiwanda cha nguo kililia kutoka mjini Thika, nasi wajukuu tukakimbilia kwa Shosho. Shosho hakutuhesabu kamwe. Kwake, kumhesabu mtoto ni kumwitia kifo. Alisimama mlangoni akiita majina, na kila mmoja akaitika akiingia. Kwetu wasichana hupewa jina la nyanya yao, kwa hivyo tulikuwa na Njeri wawili: dada yangu wa miaka mitano, na binamu yetu mkubwa. Siku zote Shosho aliita Njeri mara mbili. Jioni hiyo maziwa yalianza kufurika jikoni, akaita mara moja, binamu akaitika, mlango ukafungwa. Mimi niliona tumepungua. Nilikuwa nimehesabu kwa macho, na hofu ya kosa hilo ikanifunga mdomo mpaka mukimo ulipopakuliwa na sahani moja ikakosa mwenyewe.

Tulimpata dada yangu kando ya ua wa michongoma, hatua chache kutoka mlangoni, amesimama wima, hana chozi. Shosho alimuuliza kama alikuwa akingoja barua ya mwaliko. Njeri akamtazama.

"Nilisikia nikiitwa," akasema, "halafu nikasikia nimeitika."

Shosho alipiga magoti palepale kwenye ukungu, akamwita kwa sauti ya chini, tena na tena, mpaka alipoitika kwa kinywa chake.

Sasa nimerudi, na nimejenga Ngoingwa nyumba ya ghorofa mbili yenye vigae kama vya kule. Kiwanda kilifungwa, michongoma iling'olewa, na Shosho alizikwa nikiwa ng'ambo. Zamani yeye peke yake mlangoni alitutosha sote. Leo nina lango la umeme na kamera nne, na bado kila siku saa kumi na moja nampigia simu dada yangu Njeri huko Ruiru. Hunicheka, eti mtu mzima na diploma yake anaogopa ukungu.

"Niko, kaka," husema.

Sikati simu. Huwa nangoja aseme neno jingine, lolote, ambalo ni yeye tu angeweza kulisema.