Feruzi ya Dada

Asubuhi hii mama mmoja wa Kibeta alitua kikopo cha samli kwenye meza yangu ya kutungia mikufu, akataka feruzi za binti yake anayeolewa. Harufu ile ikanirudisha Kanazi, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yetu.

Dada alikuwa amefungiwa humo akisubiri harusi. Kila jioni shangazi alimpaka samli kuanzia shingoni hadi nyayoni, na dada hakukubali kuvua mkufu wa feruzi ambao mchumba wake alimletea aliporudi kutoka masomoni Misri. Mawe yake yalikuwa ya bluu iliyotulia. Siku zilivyokwenda yakageuka kijani, kijani kizito cha ndizi mbichi.

"Jiwe la kweli halibadiliki," shangazi alisema. "Huyu kijana ametuletea plastiki."

Baba akatuma watu kurudisha mahari. Dada aliufungua mkufu mwenyewe, akaufuta kwa kanga yake, akauweka dirishani.

Feruzi ya kweli, isiyotiwa dawa, hunywa mafuta, na ikiyanywa hugeuka kijani. Hilo nilijifunza ukubwani, kwenye kazi hii. Ninazouza mimi ni mawe meupe yaliyotiwa rangi na kufunikwa kwa gundi ngumu.

"Tutampaka samli," yule mama alisema, akiyageuza mawe kiganjani. "Hayatabadilika?"

"Haya ni ya bandia, mama. Hayabadiliki."

"Basi nifungie hayo," alisema. "Sitaki aibu mbele ya wakwe."